Uzi: Trilobaiti wanne wa saizi tofauti, wadogo ni watoto au ni jamii nyingine? (kuna dau la sato hapa)

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Wakuu mwadila. Naomba msaada wa haraka maana kuna sato wa kuchoma anagombaniwa.

Iko hivi. Mdogo wake wife karudi juzi kutoka Marekani alikokuwa anasoma, kawaletea wanangu zawadi. Mkubwa kapata raba, mdogo wa darasa la sita kapewa kapakiti kana vijiwe vinne vyeusi, mi mwanzoni nkadhani ni pipi. Kumbe wanaitwa trilobaiti, viumbe wa baharini waliokufa zamani hizo mpaka wamegeuka mawe. Kwenye karatasi imeandikwa Elrathia kingii, Utah, miaka milioni 500 na ushee. Mmoja ana kama sentimita tatu na kitu, wawili wa kati, wa nne kadogo kama kifungo cha shati.

Dogo kawapanga mezani, akasema huyu baba huyu mama hawa watoto. Shemeji akamuunga mkono. Mi nkasema mnakurupuka, ukikuta sangara na dagaa beseni moja utasema dagaa ni mtoto wa sangara? Si inaweza kuwa jamii nyingine tu ambayo ni fupi kwa asili. Tumebishana mpaka chai imepoa tukaweka dau, sato wa kilo na nusu, anayeshindwa ananunua soko la samaki Mwaloni na mkaa juu yake. Nani yuko sahihi?

DagaaKavu
Nimekaa pale na karanga zangu.

Bwana Mashaka
Hii fix mkuu. Kitu cha miaka milioni 500 mtu anapewa kwenye kapakiti kama kashata? Nimewahi soma kwamba Morocco huko kuna watu kazi yao ni kuchonga hao wadudu na kumwaga plasta, mtalii anabeba anaenda kujitapa kwao.

Ticha wa Buhongwa
@Bwana Mashaka Morocco kweli feki zipo nyingi, hasa wale wenye miba mirefu na pembe za ajabu wanaouzwa hela ndefu. Ila Elrathia wa Utah hana faida ya kufeki, wapo wengi mno kule, tope la chini ya bahari liligeuka jiwe, wao wanabanduka wenyewe kwenye mwamba kama ganda la karanga. Ndo maana wanauzwa bei ya chini hata mwanafunzi anamudu.

@Mtemi sasa tuje kwenye sato. Wewe na shemeji wote mnapima kwa rula na rula haisemi kitu hapo. Trilobaiti anahesabiwa pingili. Mwangalie mgongoni: mbele kuna kichwa kipana kama jembe, nyuma kuna ngao ya mkia ambayo ni kipande kimoja, katikati ndo kiwiliwili chenye pingili pingili kama muwa, kila moja inacheza peke yake. Hizo za katikati ndo zinasema kafika hatua gani. Jina lenyewe trilobaiti halitokani na hivyo vipande vitatu vya mbele na nyuma, ni ile mifereji miwili inayoshuka kwa urefu na kumgawa sehemu tatu, uti wa kati na mbavu kushoto na kulia.

Huyu kiumbe ana gamba gumu la kalsaiti, madini yale yale ya chokaa, na gamba likishakauka halikui. Ni kama sare ya shule, mtoto akikua sare haikui naye, unanunua nyingine. Kwa hiyo anajivua gamba (la kweli, siyo lile la CCM la 2011 wakuu, tusitoke nje ya mada), anatoka laini, anavimba kidogo, jipya linakauka, maisha yanaendelea. Katika kujivua huko ndo anapita hatua tatu.

Ya kwanza inaitwa protaspidi. Huyu ni kadude kadogo kuliko punje ya ulezi, kwa kawaida haifiki milimita moja, gamba moja la mviringo, hakuna kiungo popote, kichwa na mkia bado ni kitu kimoja. Hawezi hata kujikunja.

Ya pili meraspidi. Gamba linapata kiungo cha kwanza, mbele kichwa nyuma ngao, katikati bado hakuna pingili huru hata moja. Hiyo ni meraspidi daraja la sifuri. Akipata pingili huru moja ni daraja la kwanza, mbili la pili, hivyo hivyo anapanda kama madarasa. Mara nyingi ni pingili moja kwa kila gamba ila wapo wanaoruka, unakuta kapata mbili kwa mpigo.

Ya tatu holaspidi. Hapo idadi ya pingili imetimia na haiongezeki tena. Anaendelea kujivua na kunenepa ila pingili ni zile zile. Elrathia kingii zikitimia ni 13. Basi kaeni mhesabu, kwanza hesabu halafu mtukanane baadaye.

Mama Sangara
Hii nimeipenda. Sisi kwa sangara kipimo ni sentimita tu, chini ya hamsini usiguse, ukikutwa naye afisa uvuvi hahesabu pingili wala mapezi, anatoa rula tu.

Binti Ukerewe
Ticha samahani mi mgumu kuelewa. Hiyo pingili mpya inaota wapi, pale shingoni karibu na kichwa au katikati au wapi?

Ticha wa Buhongwa
@Binti Ukerewe swali zuri dada na wengi wanalikosea. Unakumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo kabla ya daraja? Gari jipya linaingia nyuma kabisa ya foleni, linaloruhusiwa kupanda pantoni ni la mbele. Ngao ya mkia ndo foleni yenyewe. Pingili mpya inatokea nyuma kabisa, karibu na ncha ya mkia, inakaa imeungana na wenzake ndani ya ile ngao. Anapojivua gamba, pingili iliyo mbele kabisa ya ngao ndo inaachiwa, inapata kiungo chake, inahamia kiwiliwilini. Kwa hiyo ile iliyo karibu na kichwa ndo kongwe kuliko zote na ile ya mwisho ndo kitinda mimba.

Na hapo ndo raha ya mambo, ngao inaweza kubaki na saizi ile ile muda mrefu maana inaingiza nyuma inatoa mbele. Ila kuna wakati foleni inasimama, hakuna gari linaloachiwa tena. Hapo tayari ni holaspidi.

Binti Ukerewe
Nimeelewa kabisaaa, wabeja. Pale Kigongo nimewahi kukaa masaa matatu na maharusi ndani ya gari.

Kisamvu Original
Kwahiyo ni kama jongoo? Maana nyumbani Magu mvua zikianza nakuta majongoo membamba mafupi na mengine marefu kama mkanda, nlikua najua ni makabila tofauti.

Ticha wa Buhongwa
Mkuu umepiga mule mule. Jongoo akitoka kwenye yai ana jozi tatu tu za miguu na pingili chache, halafu kila akijivua anaongezewa pingili na miguu huko nyuma, karibu na mkia. Tofauti ni kwamba trilobaiti pingili inakaa kwanza kwenye ngao ndo inaachiwa. Siyo ndugu wa karibu ila wote ni ukoo mkubwa mmoja wa wenye miguu ya viungo, pamoja na kaa, nge, buibui, mende na hao senene mnaowakaanga Bukoba.

Fundi Saa Makoroboi
Mende tena. Mwaka jana usiku nimewasha taa jikoni nikaona mende MWEUPE pee, mweupe kama maziwa, macho meusi. Wife akasema tumetupiwa kitu, akataka tuite mchungaji. Asubuhi nikamkuta palepale kashakuwa wa kahawia kama wenzake na pembeni kuna ganda tupu. Ndo hiyo habari ya kujivua sivyo?

Ticha wa Buhongwa
Ndiyo hiyo hiyo. Umemkuta ametoka tu kwenye gamba la zamani, masaa machache linakauka na kupata rangi. Mwambie mama mchungaji apumzike 😂

Mzururaji wa Maktaba
Niongeze kitu hapa maana mleta uzi amekosea kosa ambalo hata wasomi wakubwa walilikosea, asijisikie vibaya. Kuna trilobaiti anaitwa Sao hirsuta wa nchi ya Cheki, zamani wakiita Bohemia. Watu walikuwa wanaokota wadogo, wa kati na wakubwa kwenye mawe ya enzi ya Kambria, na kwa kuwa hawafanani kila mmoja akapewa jina lake, jamii kibao. Ni sawa na mgeni asiyejua kuku aingie uani akute kifaranga, tembe na jogoo aandike wanyama watatu.

Akaja Mfaransa mmoja Joachim Barrande. Huyu kwa fani alikuwa mhandisi, alifika Prague akiwa mwalimu wa mjukuu wa mfalme Charles X aliyepinduliwa Ufaransa mwaka 1830, akabaki huko huko akawa mgonjwa wa mawe. Mwaka 1852 akatoa kitabu, humo kawapanga Sao hirsuta mstari mmoja kuanzia kadude ka duara kasikokuwa na kiungo, pingili moja, mbili, tatu, mpaka mzima mwenye 17. Hatua ishirini hivi. Yale majina mengi yote yakafa siku hiyo, kumbe ni mtu mmoja na picha zake za utotoni. Leo kuna mtaa Prague unaitwa Barrandov kwa jina lake.

Hilo jina protaspidi lenyewe lilikuja baadaye, aliliweka Mmarekani Charles Beecher mwishoni mwa karne ya 19.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Duh, kwa hiyo mi nimekosea kama maprofesa. Hiyo nitamwambia shemeji.

Bwana Mashaka
Bado sijakubali kama ni jiwe la kweli. Kamulia ndimu uone, likitoa povu ni la kweli.

Ticha wa Buhongwa
@Mtemi USIKAMUE NDIMU. Gamba ni kalsaiti, asidi inakula, povu utaliona kweli ila na pingili zitaondoka nazo, utabaki unahesabu nini.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Too late kidogo, dogo alishachukua ndimu kabisa, nimemnyang'anya mlangoni.

Capri Point kwa Miguu
Swali la kizushi. Mwanza ni mawe kila kona, hivi haya mawe yetu hayana trilobaiti ndani? Tunaweza kuwa tumekalia mali.

Mzururaji wa Maktaba
Hapana mkuu. Mawe ya Mwanza mengi ni graniti, ile Bismarck unayopigia picha ni graniti, na graniti ni mwamba ulioyeyuka kwa moto ukapoa chini ya ardhi, hakuna kiumbe anayehifadhiwa humo. Tena ni mazee mno, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Trilobaiti wa kwanza kabisa ni wa miaka milioni 521 hivi, wa mwisho wakaisha miaka milioni 252 iliyopita. Yaani wanazaliwa wakayakuta mawe yetu yana uzee ambao hata hatuwezi kuuelezea.

Ziwa lenyewe ni kitoto, miaka laki nne hivi, na kuna kipindi kama miaka elfu kumi na tano iliyopita lilikauka. Visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) vya kandokando ya ziwa vipo ila vya aina nyingine, kwa mfano kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya, Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale mwaka 1948.

DagaaKavu
Karanga zimeisha nimefuata nyingine. Matokeo ya hesabu yako wapi?

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Wakuu nimehesabu kwa macho, mkubwa 13, wa kati wote 13 13. Huyu kifungo sioni vizuri, mara 12 mara 14, dogo anasema 11, shemeji anasema anaona hata pingili ya jana. @Fundi Saa ile lenzi yako ya jichoni uko nayo kesho?

Fundi Saa Makoroboi
Njoo kabla ya saa nne, baadaye wateja wanakuwa wengi. Lete na kijana.

Mkulima wa Misungwi
Hiyo 13 ni kwa wote duniani au?

Ticha wa Buhongwa
Hapana, kila jamii na namba yake. Wapo vidudu wanaitwa agnostidi, pingili mbili tu hata wakishatimia, kichwa na mkia vinafanana mpaka unashika kichwa ukidhani mkia. Halafu yupo mkorofi wa Cheki anaitwa Aulacopleura, wa enzi ya Siluri, hao wazima wana pingili 18, wengine 19, mpaka 22, ndani ya jamii moja, mwamba mmoja, kilima kimoja. Wapo wengi kiasi kwamba watafiti wameweza kupima mamia na kuona kila akijivua anakua kwa uwiano unaokaribiana na wa gamba lililopita, yaani siyo kukurupuka, mwili una hesabu zake. Mi huyu ndo nampenda kuliko wote maana anavunja ile tabia yetu ya kutaka kila kitu kiwe na namba moja ya mtihani.

Na saizi ndo kabisa usiiamini. Kuna mmoja Isotelus rex alipatikana Churchill huko Kanada ana sentimita 72, karibu robo tatu ya mita. Jamaa zake tunajua wanaanza kama kaputo kadogo chini ya milimita, wengi wanadhani kalikuwa kanaelea tu majini, halafu katika kujivua mara moja kanabadilika umbo kabisa kanashuka kuishi chini kama mkubwa. Kiluwiluwi na chura, unaelewa.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
MREJESHO.

Tumeenda kwa Fundi mimi, shemeji na dogo. Fundi kaweka lenzi jichoni, kawasha kataa kake, kashika kakifungo kwa koleo la saa kama anashika almasi. Kahesabu kwa sauti, moja mbili tatu... kumi na mbili. Kimya. Shemeji akaanza kucheka, akasema meraspidi huyo, daraja la kumi na mbili, mtoto, nenda kanunue sato.

Fundi akasema subiri. Akachukua mswaki wa kusafishia saa na maji kidogo, akasugua pale kichwa kinapokutana na kiwiliwili, kulikuwa na kaudongo kagumu kijivu. Kakaondoka. Chini ya ukingo wa kichwa ikatokea pingili nyembamba kama uzi. Kumi na tatu. Fundi kanipa lenzi nikaona mwenyewe, mbavu zake zimelala kushoto kulia, nyembamba, ila ipo. Sentimita moja yule na ana pingili zote sawa na mkubwa wake.

Kwahiyo siyo mtoto, ni holaspidi, mtu mzima mfupi. SHEMEJI KALIWA.

Shemeji wa Nyegezi
Nimelazimika kufungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Shemeji usipotoshe umma. Wewe ulisema ni JAMII NYINGINE, ukaleta na mfano wa dagaa na sangara. Sasa wote wana 13, wote ni Elrathia. Uliyeliwa ni wewe.

Mama Sangara
Hapo shemeji ana pointi.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Ila nawe ulisema ni mtoto na siyo mtoto. Ticha amua.

Ticha wa Buhongwa
Mnanitia kwenye ndoa za watu. Ila @Mtemi hapo kwenye "mtu mzima" umeruka. Holaspidi maana yake pingili zimetimia, haina maana ameshaanza kuzaa. Hayo mambo mawili hayaji lazima siku moja, na kwenye jiwe huoni mayai wala mimba. Holaspidi mdogo anaweza kuwa bado kijana kabisa, ana safari ndefu ya kujivua mbele.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Hicho ndicho alichosema dogo njiani tukirudi, nikampuuza. Kasema "baba, kaka ana meno yote na yuko fomu foo lakini suruali zinamfupikia kila mwezi."

Ticha wa Buhongwa
Huyo dogo mleteni kwangu jumamosi bure.

Halafu nina swali moja, muulize Fundi kama alitazama mashavu. Trilobaiti kichwani pembeni ya macho ana mshono, akijivua mashavu yanaachia pale ndo anapata mlango wa kutokea. Ukikuta kichwa hakina mashavu, kinakuwa chembamba kama kimenyolewa pembeni, mara nyingi hiyo siyo maiti, ni nguo iliyovuliwa. Kiumbe mmoja anaacha magamba mengi maishani na kila gamba linaweza kugeuka jiwe.

Fundi Saa Makoroboi
Nilitazama. Yule mkubwa mashavu yapo yote mawili, mpaka yale macho nimeyaona. Kakifungo hakana hata moja, nilidhani pamevunjika.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Basi nimemsomea dogo hiyo komenti. Kakaa kimya kama dakika nzima, kachukua kakifungo kakaweka juu ya mgongo wa yule mkubwa, akasema kwahiyo hii inaweza kuwa sare yake ya darasa la kwanza. Nikamwambia hatuwezi kujua. Akasema ila hamuwezi kukataa pia, na kama ni nguo tu basi mmebishania nguo, nyote mmeshindwa, sato ni wake.

Shemeji wa Nyegezi
Mimi natoa nusu.

Mtemi wa Igoma (mleta uzi)
Na mimi nusu. Mkaa bado tunajadili.

DagaaKavu
Location tafadhali.